Kabla ya kuvuta trela mbugani, jua kwanza itakapolala

LIKIZO ya shule inapokaribia, swali la watoto nyumbani huwa ni lile lile: "Baba, mwaka huu tutaenda wapi?" Aghalabu jibu huwa ni mashambani kwa nyanya, na hakuna ubaya wowote. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba kuna vijana wengi wa mijini wanaomaliza shule bila kumwona ndovu, ila yule aliye kwenye sarafu ya shilingi ishirini.

Wazazi nao hujitetea kwamba mbuga ni za watalii. Wanaeleza kuwa kulala mbugani kunataka hoteli, na hoteli ya mbugani inaweza kumeza karo ya muhula kwa usiku mmoja. Hapo hawasemi uongo.

Hata hivyo, kuna njia ya katikati ambayo familia kadhaa zimeanza kuifuata. Nayo ni trela ndogo, ile inayovutwa na gari la kawaida la nyumbani. Wengine huinunua ikiwa imetumika, wengine hutengenezewa na mafundi wa juakali. Ndani hupangwa magodoro, sufuria, jiko, mitungi ya maji na hema, na pengine watoto wawili hulala humo humo.

Tatizo si trela. Tatizo ni mahali itakapolala. Si kila kambi ya mbugani inayofaa trela, na wengi hugundua hivyo wakiwa tayari wamefika, jua linatua na watoto wanalia njaa.

Aina mbili za kambi

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, lina kambi za aina mbili katika mbuga zake. Kuna kambi za umma na kambi maalum.

Kambi ya umma ni ya yeyote aliyelipa. Utakuwa na majirani usiowajua, lakini kwa kawaida utapata choo, maji, na mahali pengine bafu au kibanda cha kupikia. Kambi maalum huwekewa kundi moja tu, na ni lazima uiagize mapema. Humo hamna choo wala bomba. Unajitegemea kwa kila kitu.

Jina "maalum" huwavutia wengi wakidhani ndiyo bora. Kwa familia inayotoka kwa mara ya kwanza na watoto wadogo, nashauri kambi ya umma. Majirani wenye taa na sauti si kero gizani, ni usalama.

Kumbuka pia kwamba Maasai Mara haimo katika hesabu hii. Ile ni hifadhi iliyo chini ya Kaunti ya Narok, na ada na ruhusa zake huulizwa huko.

Maswali manne ya kuuliza

Kabla ya kulipa chochote, piga simu katika ofisi ya mbuga yenyewe na uulize maswali manne.

La kwanza, barabara ya kutoka langoni hadi kambini ikoje? Usiulize ni kilomita ngapi tu. Uliza kama ni changarawe au udongo mweusi, kama kuna mto wa kuvuka, na kama gari dogo lilipita wiki hii.

La pili, je, kuna nafasi ya kugeuza gari lenye trela? Kurudi nyuma na trela ni kazi inayowashinda hata madereva wazoefu. Ukipiga usukani kulia, trela inaenda kushoto.

La tatu, uwanja ni tambarare? Trela ikiegeshwa kwenye mteremko, mtalala miguu ikiwa juu ya vichwa.

La nne, maji na choo vinafanya kazi sasa? Si mwaka jana, sasa.

Jirani yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi na baba wa watoto watatu, aliuliza kilomita peke yake. Alifika langoni jioni, siku moja baada ya mvua kubwa.

"Afande, si ni kilomita tatu tu kutoka hapa?" alimsihi askari aliyekuwa zamu.

"Ni tatu, mwalimu," akajibiwa. "Lakini trela yako haitazimaliza."

Familia hiyo ililala katika gesti ya mji wa karibu, watu watano chumba kimoja, na pesa za nyama ya kuchoma zikaishia hapo. Kilichomuuma zaidi mwalimu huyo ni kwamba kifungua mimba wake alikuwa amewaahidi wenzake darasani kwamba angerudi na habari za simba.

Wapi pa kuanzia

Kwa wakazi wa Nairobi, Hell's Gate karibu na Naivasha ni mwanzo mzuri. Ni safari ya takriban kilomita 90, na barabara kuu ya ndani hupitika kwa gari dogo wakati wa kiangazi. Kambi zake ni Ol Dubai, Naiburta na Endachata. Ziko mwinukoni, kwa hivyo usijaze trela kupita kiasi. Mbuga hii ni miongoni mwa chache ambamo watoto wanaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya punda milia na twiga.

Ukipitia Mai Mahiu, teremka kwa gia ndogo tangu juu. Breki zikichemka, trela itakuwa inakusukuma badala ya wewe kuivuta.

Kuna onyo moja kuhusu Hell's Gate. Aprili 2012, vijana saba walikufa katika korongo la Ol Njorowa baada ya kusombwa na maji ya ghafla. Septemba 2019, watu wengine saba wakafa hapo hapo kwa njia hiyo hiyo. Mvua inaweza kunyesha mbali huku juu ya kichwa chako anga ni jeupe. Wingu likionekana upande wowote, msishuke korongoni, hata watoto wakikasirika.

Nakuru nako kuna kambi ya Makalia, kusini kabisa mwa Mbuga ya Ziwa Nakuru, kando ya maporomoko ya maji. Mbuga ina eneo la kilomita 188 za mraba na vifaru wake huonekana mara nyingi. Ziwa hilo limefura katika miaka ya karibuni na kumeza baadhi ya barabara za ufuoni, kwa hivyo uliza lango lipi ni rahisi kwa mwenye trela.

Wanaoelekea Pwani wanaweza kukatiza safari kwa kulala Ndololo, kambi ya umma ya Tsavo Mashariki iliyo karibu na lango la Voi. Lami inakufikisha Voi mjini, takriban kilomita 330 kutoka Nairobi, na baada ya hapo safari ya vumbi si ndefu. Ndovu hupita katika eneo hilo, na hunusa maji na matunda kutoka mbali. Machungwa yaliyoachwa ndani ya trela ni mwaliko.

Kwa wakazi wa Meru na Isiolo, kambi ya Bwatherongi iko ndani ya Mbuga ya Meru. Nao wa Magharibi wasisahau Saiwa karibu na Kitale. Ni ndogo kabisa, kama kilomita tatu za mraba, na ilitengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya swala wa majini aitwaye sitatunga. Hapo humwendeshi mtu gari mbugani. Unaegesha trela, kisha familia nzima inatembea kwa miguu. Kwa mwenye gari dogo, hiyo ni nafuu kubwa.

Aberdare na Mlima Kenya ni mahali pazuri mno, lakini miinuko yake na matope ya mvua si ya trela ya juakali. Nenda huko na hema, ukiwa na gari ambalo magurudumu yake yote manne yanavuta.

Ukishafika

Fika kambini kabla ya saa kumi alasiri. Kuendesha gari mbugani usiku hakuruhusiwi, na mchana mwendo hauzidi kilomita 40 kwa saa. Ada ya kuingia, ya gari na ya kulala hulipwa mbali mbali, kupitia eCitizen, si kwa noti langoni. Mwananchi hutozwa kidogo kuliko mgeni, lakini sharti awe na kitambulisho. Lipa ukiwa bado mjini penye mtandao mzuri wa simu.

Acha nyumbani chupa za maji za plastiki, sahani za kutupa na mirija. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za kitaifa. Beba mtungi mkubwa na vikombe vya bati.

Egesha gari likitazama njia ya kutokea. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya trela kabla ya kuitenganisha na gari. Chakula chote kifungiwe ndani ya gari, si hemani. Nyani na tumbili hawaombi, wanachukua, na fisi huja usiku kukagua mliyosahau.

Zaidi ya yote, kambi nyingi hazina ua. Mtoto asiende chooni peke yake baada ya giza, hata kama choo kiko hatua ishirini. Aamshe mtu mzima, na mtu mzima amulike kurunzi pande zote kabla ya kushuka. Hili waelezeni watoto mkiwa bado nyumbani, na wala si kwa vitisho. Mtoto aliyetishwa huona aibu kumwamsha mzazi, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Gharama

Wanafunzi wa vyuo wameniuliza kama safari hii ni ya wenye mali. Trela moja inaweza kukodiwa au kuazimwa na marafiki wanne, wakagawana mafuta ya gari na ada ya gari. Chakula ni kile kile ambacho mngekula nyumbani. Kinachogharimu ni makosa: gurudumu la akiba lisilotoshea trela, taa za nyuma zisizowaka zikakuletea matatizo na polisi, au kambi iliyochaguliwa kwa jina badala ya barabara yake.

Kwa hivyo jaribuni trela kwanza. Ivuteni kilomita chache Jumapili moja, mjifunze kurudi nyuma katika uwanja mtupu, kisha watoto walale humo usiku mmoja kwenye ua wa nyumba. Mtajua upesi nani anaogopa giza, kifuniko gani kinavuja na blanketi ngapi zimepungua. Ni afadhali kuyajua hayo mkiwa hatua kumi kutoka jikoni.

Mbuga hizi tunazilinda kwa kodi zetu. Si haki watoto wa watu wa mbali wawajue ndovu wetu kuliko watoto wetu wenyewe. Lakini mwenda pole hajikwai. Piga simu, uliza yale manne, kisha ndipo uwaambie watoto mnaenda wapi.

Safari njema.