Uso Si Sufuria ya Kusuguliwa

Kuna ugonjwa umeingia katika chumba cha Sanaa. Mtu akiambiwa achore uso, anapaka penseli kisha anasugua kwa kidole mpaka mashavu yanang'aa kama sufuria mpya. Wenzake wanamsifu, "Umeweza! Ni kama picha ya kitambulisho." Mimi nasema hiyo ndiyo kasoro yake. Picha ya kitambulisho hutuonyesha pua na masikio; haituambii mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Hebu tumtazame Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyezaliwa mwaka wa 1606. Alikuwa akipaka nta kwenye bamba la shaba, kisha anachora juu yake kwa sindano. Bamba likitiwa katika asidi, shaba huliwa pale tu sindano ilipopita. Wino hujazwa katika mifereji hiyo, na karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake. Kidole hakina kazi hapo. Giza usoni hutokana na mistari iliyosongamana.

Mwaka wa 1630 alijichora mwenyewe macho yamemtoka pima, mdomo wazi, utadhani kaitwa na mwalimu wa zamu. Picha yenyewe ina urefu wa kama sentimita 5 tu! Tazameni nywele: mistari imevurugika, kila mmoja na njia yake. Mshtuko uko humo pia, si machoni peke yake. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amechora kichwa cha mwanamke mzee, ambaye wengi huamini ni mama yake. Hapo mistari ni mifupi na myembamba, inafuata ngozi ilivyolegea. Hakuyaficha makunyanzi, na kwa sababu hiyo bibi yule anaheshimika. Na mchoraji alikuwa kijana wa miaka 22 tu, jamani!

Najua mtaniambia kwamba mtihani unataka kivuli. Sawa, kiwepo, lakini kwani mistari haiwezi kukileta?

Likizo ya Agosti nilimchora nyanya yangu, nikamsugua mpaka akawa msichana. Aliitazama karatasi akauliza, "Huyu naye ni nani?" Nimemchora tena kwa biro, isiyokubali kusuguliwa wala kufutwa. Safari hii mdomo umepinda upande mmoja, vile unavyopinda akijua unamdanganya.