Elimu Bila Shahidi

Wapo watu wasemao kwamba marejeo katika maandishi ni pambo la wasomi wenye majivuno. Kwamba neno likiwa kweli halihitaji shahidi. Nakuomba, msomaji, usiwaamini. Kweli isiyo na shahidi na uwongo usio na shahidi huvaa nguo moja, na mgeni apitaye njiani hawezi kuvipambanua.

Itazame Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2001, na ambayo tangu mwaka 2003 ina tawi la Kiswahili. Karibu kila mtu aweza kuandika humo: profesa, mvuvi, hata mtoto wa shule. Jengo lenye mafundi wengi namna hiyo lasimama kwa nguvu gani? Halisimami kwa cheo cha mwandishi, maana waandishi wengi hawajulikani hata majina. Lasimama kwa marejeo: kila neno liwezalo kubishiwa lionyeshe lilikotoka, ili msomaji aende akajionee.

Mwaka 2009 alifariki Maurice Jarre, Mfaransa aliyetunga muziki wa filamu. Mwanafunzi mmoja wa Dublin alibuni maneno mazuri, akayaweka humo kana kwamba marehemu ndiye aliyeyasema. Wahariri wa kujitolea waliyafuta, kwa kuwa hayakuwa na rejeo. Alipoyarudisha, wakayafuta tena. Lakini magazeti ya nchi kadha yaliyachapa, wala hayakutambua kosa lake mpaka mwanafunzi mwenyewe alipokiri. Fikiri, msomaji: wasiolipwa walishika kanuni, na waliolipwa wakaiacha.

Wengine hukubali haja ya marejeo, lakini huyarundika mwishoni mwa makala kama kuni zilizotupwa uani. Hilo nalo silikubali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Rejeo na likae mara baada ya sentensi linayoithibitisha. Litaje mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na ukurasa. Kitabu kitumiwacho mara kumi kiandikwe kikamilifu mara moja, kipewe jina fupi, kisha kiitwe kwa jina hilo. Hivyo atakayekuja kesho kusahihisha kosa atalisahihisha mahali pamoja, si mahali kumi. Wala usitaje kamwe kitabu ambacho hukukifungua. Huo ni ushahidi wa uwongo.

Utaniambia, "Vitabu kwetu ni haba, na historia yetu i vinywani mwa wazee." Ni kweli, na hoja hiyo ni nzito. Kanuni ya humo hutaka maandishi yaliyochapishwa, na simulizi ya babu haipokewi hivi hivi. Lakini dawa ya uhaba si kuandika bila ushahidi. Dawa ni kuyanukuu masimulizi ya wazee kwa uangalifu, kutaja msimulizi, kijiji na siku, na kuyachapisha, ili maneno ya leo yawe marejeo ya kesho. Kazi hiyo yakungoja wewe.

Kiswahili kikijaa makala zisizo na ushahidi, wadogo zako watakimbilia lugha nyingine kutafuta ukweli. Hawatakuwa na lawama. Lawama itakuwa yetu. Basi kabla ya kuihifadhi sentensi yako, jiulize: nimeyajuaje haya? Ukiwa na jibu, liandike. Usipokuwa nalo, ifute sentensi.