Gitaa la Kweli, Gitaa la Fundi

Mwaka uliopita nilikuwa katibu wa korali moja hapa Vulamba. Kazi ya katibu ni kuandika yale ambayo wengine wamesema, nami niliandika kwa mkono wangu kwamba kamati imeamua kununua "gitaa la kweli". Hakuna aliyeuliza siku ile kwamba la kweli maana yake nini. Tulikuwa tumekwisha kuagiza gitaa la umeme kwa fundi mbao mmoja wa mtaani, tumempa nusu ya pesa, naye amekata mwili wake na kuulainisha. Ndipo mwenzetu mmoja akarudi kutoka Kampala na picha kwenye simu: gitaa jekundu, linang'aa, na jina la kampuni kubwa ya Marekani limeandikwa kichwani. Agizo la fundi likafutwa kwa mstari mmoja wa kalamu yangu.

Gitaa jekundu lilifika. Mwezi wa tatu mtoto mmoja wa korali alikwaruza lile jina kwa ukucha, likatoka lote, kwani lilikuwa karatasi ya kubandika tu. Kabla ya Pasaka shingo ilikuwa imejipinda, nyuzi zikawa juu kama kamba za kuanikia nguo. Simcheki mtu. Nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Ninalotaka kulijadili hapa, kwa kuwa sisi wa lugha ndio tunaopaswa kulijadili, ni lile neno nililoliandika.

Mlango uliotengenezwa na fundi wetu tunauita mlango. Kitanda chake ni kitanda. Hata jeneza lake ni jeneza, na hakuna aliyewahi kuomba azikwe katika jeneza la kweli kutoka ng'ambo. Lakini fundi yule yule, kwa mbao zile zile, akitengeneza gitaa, tunasema: "Hiyo ni ya fundi tu, tuletee ya kweli." Tunafundishwa darasani kwamba kiunganishi cha -a huonyesha asili au mwenyewe: kahawa ya mlimani, asali ya Mambasa. Kwa kanuni hiyo "gitaa la fundi" lingekuwa jina la heshima. Midomoni mwetu limekuwa ombi la msamaha.

Sasa tutazame hayo ya kweli yametoka wapi. Leo Fender, ambaye jina lake limeandikwa kwenye magitaa yanayonakiliwa zaidi duniani, alikuwa mtengeneza redio katika mji wa Fullerton, California. Alikuwa na kibanda cha kurekebisha redio na vipaza sauti, na watu wanaomjua vizuri wanasema hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Alianzisha kampuni yake mwaka 1946. Gitaa lake la kwanza lisilo na tumbo, lile ambalo baadaye liliitwa Telecaster, lilitoka mwaka 1950. Stratocaster ikafuata mwaka 1954. Ukilifungua hilo la kwanza utacheka: ni ubao mmoja uliokatwa, na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne ili ikiharibika itolewe iwekwe nyingine. Ni mawazo ya mtu aliyezoea kurekebisha vitu. Kwa maneno mengine, ni gitaa la fundi.

Kongo nayo ina wake. Kule Kinshasa, katika mtaa wa Lemba, yupo Jean-Luther Misoko Nzalayala, ambaye wanamuziki wote wanamwita Socklo. Kwa zaidi ya miaka arobaini ametengeneza magitaa ya umeme, ya solo na ya besi, kwa mbao za pale pale na vipande vilivyookotwa kutoka kwenye vitu vilivyokufa. Wanamuziki wasioweza kumudu bei za dukani wamejifunzia kwake. Waandishi wa Ulaya wamekwenda kumpiga picha. Na sauti ya magitaa yake, kavu kidogo, yenye kukwaruza, ni sauti unayoitambua. Wapo wapigaji wanaoitafuta hiyo hiyo.

Wala hakuanza kutoka patupu. Gitaa la umeme lilipandishwa Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Mbelgiji Bill Alexandre, aliyekuja kufanya kazi katika studio ya CEFA, na vijana wa mji wakalichukua mara moja. Lakini wakati huo Franco alikuwa amekwisha kujifundisha vidole kwenye gitaa alilojitengenezea kwa bati na nyaya za umeme zilizochunwa. Baadaye Mawangu Mingiedi na wenzake wa Konono N°1 waliweka umeme kwenye likembe kwa sumaku walizotoa katika vyuma vya magari. Walipotoa albamu ya Congotronics mwaka 2004, masikio ya Ulaya yalisikia kitu kipya kabisa, na hakuna aliyewaambia walete likembe la kweli.

Hapa nieleze kidogo namna kitu hiki kinavyofanya kazi, maana wengi wetu tunadhani kuna uchawi wa kiwandani ndani yake. Chini ya nyuzi kuna kile tunachokiita mikro. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko elfu kadhaa, saba au nane kwa kawaida. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, unatikisa nguvu yake, na katika ule waya wa shaba unazaliwa umeme mdogo sana, ambao amplifaya inaukuza. Basi. Ndiyo sababu uzi wa nailoni haufai, na ndiyo sababu waya wa breki uliofumuliwa unafaa: ni chuma. Fundi anayezungushia mota ya jenereta waya mpya, nao ni wengi Butembo, mji ulioishi miaka mingi kwa jenereta, ana mikono ya kutosha kutengeneza mikro.

Kuhusu mbao, kila mtu hapa amekwisha kuona malori. Libuyu na mbao nyingine nyekundu za jamii ya mkangazi zinatoka Mambasa na misitu ya Beni, zinapita Kasindi, zinaingia Uganda na kwenda mbele. Mbao za jamii hiyo hutengenezewa shingo na miili ya magitaa mengi duniani. Yaani ubao unapita mbele ya kibanda cha fundi wetu ukiwa haufai kitu, unazunguka dunia, na ukirudi umepakwa rangi tunaulipia dola.

Yapo mengine ya Kameruni yanayonifanya niamini kwamba shida ni neno kuliko ubao. Mwaka 2011 kampuni ya magitaa ya Taylor, ya Marekani, pamoja na wenzao wa Hispania, ilinunua kiwanda cha mpingo mweusi cha Crelicam mjini Yaoundé. Bob Taylor mwenyewe alieleza kwamba wakataji walimwambia jambo lililomshtua: walikuwa wakiangusha karibu miti kumi ili kupata mmoja mweusi kabisa, na ile yenye michirizi ya kahawia waliiacha ioze msituni, kwa sababu wateja walisema huo si mpingo mzuri. Taylor akaanza kununua na wenye michirizi. Mti haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maana ya "mzuri", na ilibadilishwa na mtu mmoja mwenye duka.

Najua jibu nitakalopewa: magitaa ya mafundi wetu hayakai kwenye sauti. Ni kweli, na nisingependa kudanganya kwa ajili ya uzalendo. Nimewahi kushika moja ambalo lilikuwa tamu katika sehemu za chini za shingo na ukipanda linalia kama mbuzi. Lakini kosa hilo lina anwani. Liko katika vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo, ambavyo fundi wangu huviita ngazi. Yeye alipata vipimo vyake kwa kuweka kijiti juu ya gitaa la mgeni, zamani, na kuchora alama kwa penseli. Kijiti kile amekinakili mara mbili tangu hapo, na kila nakala imebeba kosa la mama yake.

Vipimo vyenyewe ni hesabu ya darasa la sita. Unachukua urefu wa uzi, kutoka kichwani hadi darajani, unaugawa kwa 17.817, hapo ndipo ngazi ya kwanza. Urefu uliobaki unaugawa tena kwa namba ile ile, unapata ya pili, na kuendelea hivyo hivyo. Kwa uzi wa milimita 648, ambao ndio urefu wa Fender, ngazi ya kwanza inakaa milimita 36 na kidogo kutoka kichwani, na ya kumi na mbili inaangukia katikati kabisa, kwenye 324. Usipoikuta hapo, umekosea mahali fulani.

Hesabu hii ipo katika vitabu vingi vya Kiingereza na vya Kifaransa. Fundi wangu husoma Kiswahili. Hiyo ndiyo lugha aliyosomea shule ya msingi na ndiyo anayoandikia madeni ya wateja. Kamusi iliyo mezani pangu inasema gitaa ni ala ya muziki yenye nyuzi, ikanyamaza. Sisi tunaandika kazi za mwisho wa mwaka kuhusu istilahi za kompyuta na za sheria, tunabuni maneno ambayo hakuna anayeyasubiri, huku umbali wa dakika kumi kutoka darasani yupo mtu mwenye maneno yake yote tayari: mwili, shingo, kichwa, masikio ya kukazia nyuzi, ngazi, daraja, mikro. Hakuna hata moja alilolitunga ili apewe maksi. Naona haya kidogo ninapoandika hivi, maana mada yangu mwenyewe ni istilahi za benki.

Kwa hiyo nilifanya jambo dogo. Nilimwomba rafiki wa hesabu anitolee jedwali la ngazi ishirini na moja, nikaliandika kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, kwa maneno ya fundi mwenyewe, nikampelekea. Alikuwa anapiga randa fremu ya dirisha. Mwili wa gitaa la korali bado ulikuwa umening'inia kwenye msumari, una vumbi, bila shingo.

"Papa, nimekuletea kitu," nikamwambia.

Aliisoma polepole, mara mbili. Akatoa kijiti chake juu ya kabati, akakilaza kando ya futi, akaanza kufuata namba moja moja kwa kidole. Kwenye ngazi ya saba kidole kilisimama. Kijiti kilikuwa kimepotoka kwa milimita nne. Akakigeuza upande wa pili, akapima tena, milimita nne zile zile.

"Mwanangu," akasema, "hii karatasi ilikuwa wapi miaka yote?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Akaniuliza kama korali bado inakumbuka kwamba nusu ya pesa yake iko pale ukutani, juu ya msumari. Nikasema nitawakumbusha. Kamati inakaa Jumapili ya pili ya mwezi. Katibu sasa ni mwingine, dada mmoja mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, na nimekwisha kumwomba kwamba wakikubali, aandike "gitaa" tu, asiongeze neno.