Tunavuna Shamba Tusilolilima

Wasanidi wetu wa tovuti hupenda kujitangaza kuwa wabunifu. Sina ugomvi na ubunifu wao; ugomvi wangu ni juu ya deni. Ofisi ya umma hutangaza zabuni, mshindi huchukua WordPress, programu huria inayopatikana bure tangu mwaka 2003, huipaka rangi za taasisi, kisha hutoza mamilioni. Kutoza si kosa, leseni yenyewe yaruhusu. Kosa ni kwamba hakuna hata punje inayorudi kwa walioijenga.

Na tusidhani wajenzi hao ni matajiri. Aprili 2014, ilipofichuliwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano ya tovuti nyingi mno duniani, ndipo wengi walipojua kwamba mradi huo ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeufanyia kazi muda wote. Makampuni makubwa yalikuwa yameuegemea bila kuuliza nani anaushikilia.

Wanafunzi hunijibu: "Mwalimu, hatuna fedha, wala hatujafikia kiwango cha kuwaandikia wakubwa msimbo." Nani amewaomba fedha? Ukigundua hitilafu, iripoti kwa ukamilifu: toleo gani, hatua zipi zimeizalisha, ulitarajia nini, ukapata nini. Maelekezo yakipotosha, yasahihishe. Tafsiri, je? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kazi ile iliwahitaji wajuzi wa lugha sawasawa na wajuzi wa kompyuta. Hakuna Mjerumani atakayetufanyia hilo.

Wapo pia wanaoficha marekebisho yao kana kwamba ni siri ya biashara. Toleo jipya linapowekwa, rekebisho lililofichwa hufutika, hitilafu ile ile hurejea, na umma hulipa mara ya pili. (Pengine ndilo lengo, nisimsingizie mtu.)

Ndiyo maana nawageukia ninyi watumishi mnaoandika zabuni. Ongezeni kifungu kimoja: mzabuni aliyerekebisha programu huria awasilishe rekebisho lake kwenye mradi wa asili kabla ya kupokea malipo ya mwisho. Kifungu hicho hakihitaji warsha ya siku tatu Morogoro.