Mwalimu akisoma tena, darasa lipate faida

Wazazi wengi wanauliza: "Mwalimu gani huyu, anafundisha watoto wetu na yeye mwenyewe angali anasoma?" Wengine wanasema ni njia ya kukimbia shule. Sisi tunaona mwalimu anayerudi chuoni kutafuta masta ya ufundishaji anafanya kazi ya watoto wetu. Lakini tukimwacha peke yake, faida haitafika darasani.

Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni ya bure katika shule za Serikali, sawa vile Katiba ya 2006 inavyoagiza. Madarasa yakajaa. Vita ikaleta tena watoto waliokimbia vijiji vyao. Mbele ya umati ule, desturi ya zamani haitoshi: mwalimu anaandika ubaoni, watoto wanarudilia kwa sauti moja. Anayepaza sauti si lazima awe amefahamu.

Njia mpya inaanza na jambo la maisha. Watoto wanatafuta jibu kwa vikundi, kila kikundi kinaeleza kilivyolipata, na kosa linakuwa somo kwa wote. Tuchukue mfuko wa koltani wa kilo 50. Mnunuzi anakata 8 kwa mia juu ya maji. Kunabaki kilo 46. Mashini ikionyesha oksidi ya tantale 30 kwa mia, ndani mnakuwa kilo 13 na grama 800. Mtoto aliyezoea kutafuta hivyo anaweza kusimama karibu na baba yake mbele ya mizani, wasiibiwe. Aliyekariri tu atanyamaza.

Lugha nayo ni ufundi. Sheria ya 11 Februari 2014 juu ya elimu inakubali lugha za taifa, Kiswahili kati yazo, zitumike kufundishia. Lakini kumvusha mtoto toka Kiswahili cha nyumbani mpaka Kifaransa cha kitabu, bila kumpoteza njiani, kunahitaji mwalimu aliyejifunza namna ya kufanya.

Shida iko wapi basi? Kwa miaka mingi, aliyetaka kufika mbali katika masomo haya alitazama Kinshasa, kwenye UPN. Kutoka hapa safari ile ilikuwa ya ndege, na uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025. Masomo yenyewe analipa kwa mshahara mdogo unaongojewa pia nyumbani. Tena akiona diploma mpya haikubadilisha kitu, anaacha chaki na kutafuta kazi kwenye ONG. Hatumlaumu, naye ana watoto. Lakini shule inapoteza mara mbili: mwalimu, na ule ujuzi aliokwenda kuutafuta.

Njo maana tunaomba mambo matatu. Serikali itambue masta ya mwalimu kwa mshahara anapobaki darasani, si anapohamia ofisini tu. Vyuo vya hapa, ISP ya Goma mbele, vipange masomo wakati wa likizo, na kazi ya mwisho ya mwanafunzi ifanyike ndani ya darasa lenye watoto, si kwa makaratasi peke yake. Na direkta wa shule ampe mwalimu huyo nafasi ndani ya selile de baze, aonyeshe wenzake alichojifunza, nao wajaribu.

Wandugu wachimbaji, ninyi mnalijua hili. Aliyejifunza kusimika miti vizuri shimoni hafichi ufundi wake, juu udongo ukianguka hauchagui mtu. Kwa mkutano wa komite ya wazazi unaokuja, musiulize feza tu. Ulizeni pia: mwalimu wetu anayesoma amefundisha nini wenzake mwezi huu?