Usilaumu geji, kagua mipira kwanza

Wadau, ndege ndogo ikionyesha kasi ya uongo, wengi hukimbilia kubadili geji. Mie nasema anzeni na mipira! Mpira wa pito, unaopokea upepo wa mbele, ukivuja geji husoma chini ya kasi halisi. Ule wa statiki ukivuja ndani ya kabini, mara nyingi husoma juu: rubani anadhani anakimbia, kumbe ndege inakaribia kudondoka. Fundi hutumia sirinji: anasukuma hewa taratibu kwenye pito, anabana mpira, anatazama mshale. Ukirudi wenyewe, panavuja. Anagawa njia nusu kwa nusu mpaka apapate. Nasi walimu watarajiwa, mwanafunzi akifeli, tukague njia nzima kabla ya kumwita mjinga. Au naongopa jamani?