Moto usio na moshi



Kila mwaka, mwezi wa sita na wa saba ikifika, baridi ya Katanga huturudia. Mchana jua hung'aa, lakini usiku, hapa Lubumbashi, penye mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, hata blanketi mbili hazitoshi. Ndipo jamaa nyingi huingiza mbabula ndani ya nyumba. Mama ataka kumaliza kupika maharagwe, baba ataka kuota moto, watoto wataka kulala karibu na joto. Leo nataka kusema juu ya mbabula hiyo, kwa maana mimi mwenyewe nusura iniue.

Ilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu. Nilikaa katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, na usiku ule nilikuwa na madaftari mengi ya kusahihisha. Nilijiona mtu mwenye akili: niliwasha makala nje, nikangoja moshi wote uishe, na yalipokuwa mekundu sawasawa, nikaiingiza mbabula na kufunga mlango. Baada ya muda joto likazidi. Nikachukua kipande cha bati, nikaziba mlango wa chini wa mbabula ili moto upungue. Kweli ukapungua. Nikarudi mezani.

Kichwa kikaanza kuniuma. Nikadhani ni malaria. Nikasoma sentensi moja ya mwanafunzi mara tatu nisiielewe. Kwa bahati njema jirani yangu, mama mzee, akaja kubisha hodi kuomba kiberiti. Nilipoinuka kumfungulia, magoti yakalegea, nikaanguka mlangoni. Akanivuta mpaka uwanjani, akasema: «Mwalimu, mwanangu, vitabu vyote hivyo, nawe wafungia moto ndani ya nyumba?»

Mama yule hakwenda shule, lakini usiku ule alikuwa na haki kunizidi. Nilikosa mara mbili. Kosa la kwanza: niliamini kwamba moshi ukiisha, hatari imekwisha. Kosa la pili: nilipunguza joto kwa kuunyima moto hewa, huku nimekaa nao chumba kimoja.

Tutazame sasa namna mbabula inavyofanya kazi. Hewa baridi huingia kwa mlango na matundu ya chini. Ikikutana na makala yawakayo hupata joto, huwa nyepesi, hupanda juu, na kuvuta hewa nyingine nyuma yake. Kwa sababu hiyo, ukigeuzia mlango wa mbabula upande wa upepo, moto huwaka kwa nguvu. Na majivu yakijaa matunduni, moto hufifia. Mpishi ajuaye kazi yake huongoza joto kwa kuongoza hewa.

Lakini makala yasipopata hewa ya kutosha hayaungui kikamilifu. Hapo hutoka hewa ya sumu ambayo wataalamu huiita kaboni monoksidi. Mmeona mara nyingi miali midogo ya buluu ikicheza juu ya makala mekundu: ni hewa hiyo yenyewe inayoungua. Ukiuziba moto, miali ile huzimika, na sumu hutoka chumbani bila kuungua. Joto limepungua, nawe wafikiri umetuliza moto. Kumbe hatari ingalipo, na tena haionekani.

Sumu hiyo haina rangi wala harufu, wala haikohozi mtu kama moshi. Huingia katika damu, na kushika mahali pa oksijeni kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Basi mtu apumua, lakini mwili wake wakosa hewa. Aliyelala haamki ili akimbie.

Wala msidhani kwamba hii ni hatari ya mbabula peke yake. Katika nchi za baridi watu wengi walipasha nyumba zao joto kwa majiko ya makaa ya mawe, yenye bomba la kupeleka moshi nje. Sheria ni ile ile: bomba likiziba au lisipovuta vizuri, sumu hurudi chumbani. Mwaka wa 1902, Émile Zola, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, alikufa hivyo katika chumba chake cha kulala mjini Paris. Mkewe, aliyekuwamo naye, aliponea chupuchupu. Na mbabula yetu haina bomba lolote!

Basi tufanyeje? Pika nje, au chini ya paa lisilo na kuta, mbali na madirisha. Kabla ya kuwasha, kung'uta majivu ili hewa ipite. Ukitaka joto dogo, tia makala machache, au yaondoe mengine kwa koleo, au geuza mlango wa mbabula usielekee upepo. Ukimaliza, yazime makala huko huko nje, kwa mchanga au ndani ya debe lenye kifuniko, nayo usiyaingize ndani kabla hayajapoa kabisa. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Upepo ukitulia, sumu hubaki ndani. Kwa baridi ya usiku, vaa nguo nzito, ziba nyufa za ukuta, lala na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwa kitambaa.

Tena, jueni dalili zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea, akili kuchanganyika. Twaiita malaria upesi mno. Lakini watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiugua saa ile ile, bila homa, na wakipata nafuu wakitoka nje, uulizeni moto kwanza. Wafungulieni milango, watoeni wote nje mara moja, hata anayesema hajambo, na wapelekeni hospitali, ambako mgonjwa aweza kupewa oksijeni. Maziwa hayaiondoi sumu hii. Mwenye mimba asikose kupelekwa, hata akijisikia vizuri, kwa maana mtoto aliye tumboni aweza kudhurika kumpita mama yake.

Mama mzee yule alipata kiberiti chake, na tangu siku ile mbabula yangu hulala nje. Enyi wanafunzi, msomapo haya, yasomeeni na wazazi nyumbani kabla ya jioni. Heri kutetemeka usiku kucha kuliko kupata joto usiamke.